Eti Ni Kitu Kimoja

Kuna jawabu moja kwenye kusoma Kiengereza ambalo likinifika masikioni basi siku yangu ishaharibika, nalo ni hili la "aah, hivyo ni kitu kimoja tu". Mtu kauliza tofauti ya "historic" na "historical", kajibiwa kitu kimoja. Kauliza "economic" na "economical", kitu kimoja. "Tortoise" na "turtle", kitu kimoja, andika tu tuendelee. Na anayejibu hivyo mara nyingi si mtoto, ni mtu mzima na cheti chake ukutani.

Mie kazi yangu kutembeza wageni, Mji Mkongwe zaidi, na shamba kwenye viungo wakitaka. Jioni vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii wanakuja barazani tunapiga Kiengereza, kila mtu na daftari lake, na maswali yao karibu yote ni ya namna hiyo hiyo, maneno mawili yanafanana, nitumie lipi. Sarufi hawaulizi sana, sarufi walipewa skuli. Wanachotaka ni kile ambacho skuli hawakupewa, kwa nini mgeni ukimwambia neno hili anatabasamu na ukimwambia pacha wake anakunja uso.

Nianze na la chakula maana ndilo jepesi kuliona. Pita kwenye mikahawa ya huku mjini usome ule ubao wa menyu unaowekwa nje mlangoni, utakuta pilau imeandikwa "spicy rice". Sasa pilau yetu ina nini jamani? Uzile, mdalasini, hiliki, karafuu, pilipili manga, na ukali wake mtoto mdogo anakula na anaomba nyengine. Lakini mgeni anayesoma "spicy" hasomi viungo pale, anasoma pilipili, anasoma kuwashwa mdomo na kutokwa na machozi mbele za watu. Anauangalia ubao, anawaangalia watoto wake, anaagiza chipsi. Wallahi nimeliona hili kwa macho yangu zaidi ya mara moja, ndani mpishi kaipua sufuria la pilau linanukia mpaka uchochoroni, na meza ya nje watu wanne wanakula chipsi na tomato sosi. Neno lililotakiwa kwenye ubao ule ni "spiced", yaani imetiwa viungo. "Spicy" ni kali. Yote mawili yametoka kwa mama mmoja, "spice", ila moja linasema kilichotiwa ndani ya sufuria na jengine linasema utakachokisikia wewe ulimini.

Na tusimcheke mwenye mkahawa, maana Kiengereza chenyewe hapo kimejikoroga. "Hot" ni moto na "hot" hiyo hiyo ni kali. Mgeni kapiga funda la chai ya tangawizi kakwambia "it's hot", wewe hujui umletee kisahani apoze au umwongeze maziwa, mpaka umuulize tena. Sisi hapa tulishamaliza zamani, kuna moto, kuna joto, kuna kali, na hakuna Mzanzibari anayesema urojo wa moto akimaanisha una pilipili.

Shamba nako kuna "spice" na "herb". Kwetu vyote vinaitwa viungo na hakuna aliyekufa kwa hilo, lakini kwa wapishi wa Kiengereza "herb" ni majani, kama mnanaa na mchaichai, na "spice" ni sehemu nyengine za mmea, gome la mdalasini, mbegu ya hiliki, tangawizi inayochimbwa chini, tumba la karafuu. Kotmiri ndiyo inawavuruga wenyewe kwa wenyewe, Muingereza anaita "coriander" majani na mbegu, Mmarekani majani anaita "cilantro" na mbegu tu ndizo "coriander", kwa hiyo kwenye gari moja ya viungo unaweza kuwa na wageni wawili wanabishana kuhusu jani moja na wote wako sawa. Karafuu nayo, "clove", jina lake linatokana na Kifaransa, msumari, na ukiiangalia kweli ina kichwa na shina kama msumari. Lakini "clove" ya kitunguu thomu, ile punje moja, haihusiani na karafuu hata kidogo, hiyo ni Kiengereza cha kale kutoka kwenye neno la kupasua. Herufi zile zile, matamshi yale yale, nasaba mbali mbali. Ndo maana siamini sana kufanana.

Haya, mtu anaweza kuniambia hayo ni mambo ya tumbo, mtu akikosea anakosa pilau tu. Twende Mkunazini basi.

Pale penye kanisa kuu la Anglikana ndipo palipokuwa soko la watumwa, na kila anayetembeza wageni lazima apite. Sentensi inayosemwa pale kuliko zote ni kwamba "slavery" ilikwisha hapa 1873. Inasemwa kwa sauti ya huzuni, mikono nyuma, wageni wanatikisa vichwa, wanapiga picha, na si kweli. Kilichotokea tarehe 5 Juni 1873 ni Sultan Barghash, amebanwa na Waingereza mpaka mwisho, kutia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kuyafunga masoko. Hiyo ni "slave trade", biashara ya watumwa. "Slavery" ni utumwa wenyewe, ile hali ya mtu kumilikiwa na mtu na mahakama ikakubali, na hiyo haikuondolewa kwenye sheria mpaka amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya 1897. Baina yake miaka 24.

Sasa hebu ichukue miaka hiyo uipeleke Pemba. Soko la Mkunazini limefungwa, habari imefika, na mtu yuko juu ya mkarafuu wa bwana wake anachuma, kesho yuko juu ya mkarafuu ule ule, msimu ujao yuko pale pale. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka ule wa mkataba amekua, ameota ndevu, pengine ameoa, na sheria bado inamwita mali ya mtu. Huyu ukimwambia "trade" na "slavery" ni kitu kimoja atakuangalia vipi? Na hata hiyo 1897 ukiisoma vizuri maneno yake yana vichochoro, kilichoondolewa ni hadhi ya utumwa mbele ya sheria, maana yake mtumwa mwenyewe ndiye afunge safari aende kudai, na anayelipwa fidia ni bwana, si yeye. Masuria wakaachwa nje ya mlango kabisa, mpaka 1909. Kwa hiyo guide anayejua maneno yake pale ana tarehe 3 za kusema, si 1, na kila tarehe ina neno lake.

Uingereza kwao ni hivyo hivyo. 1807 walipiga marufuku biashara, 1833 ndo wakapitisha sheria ya kuufuta utumwa kwenye makoloni yao mengi. Anayesema walifuta utumwa 1807 kawapa sifa za miaka 26 ambayo hawakuifanyia kazi. Nishawahi kumsikia mgeni wao akiisema hivyo na mwenzake, Muingereza vile vile, akamkatiza pale pale mbele ya sanamu za wale watu wenye minyororo, kwa upole lakini kakatiza.

Na sisi masikio ya kusikia tofauti hizi tunayo, tena makali. Mtume na mtumwa. Yote yametoka kwenye kutuma, mmoja katumwa na Mwenyezi Mungu na mwengine anatumwa na kila mwenye nguvu, kilichobadilika ni kisilabi cha mwisho. Hakuna mtoto wa chuoni Unguja wala Pemba, hata yule anayeanza alifu, utakayemwambia ni kitu kimoja akakubali. Sasa kwa nini tukifika kwenye Kiengereza tunakuwa wavivu? Ndani ya kanisa lile lile kazikwa Askofu Edward Steere, mtu wa kuja, aliyekaa na Kiswahili akakipekua neno kwa neno mpaka akakiandikia sarufi katika karne ya 19. Yeye kwa lugha yetu aliweza.

Linalofuata ni la "colony" na "protectorate", na hapa najua wengine watasema naremba. Barazani tunasema mkoloni, basi, aliyekuja katutawala ni mkoloni. Lakini Zanzibar haikuwa "colony". Tangu 1890, baada ya Waingereza na Wajerumani kugawana vitu vyao, ilikuwa "protectorate", nchi ya himaya, Sultan yupo kwenye kiti na bendera yake, Muingereza yuko pembeni ya kiti anaamua. Utasema tofauti iko wapi, amri ni yake tu. Kwenye karatasi ilikuwepo, na karatasi zina nguvu zake, mtu wa hapa alikuwa "British protected person", hakuwa "British subject" kama wa koloni. Na ukitaka kuiona tofauti juu ya ardhi tazama Kenya, 1920 bara yake ikafanywa "colony" lakini ule ukanda wa pwani wa maili 10, Mombasa na kwengineko, ukabaki "protectorate" kwa sababu ulikuwa wa Sultan wa Zanzibar na Muingereza anaulipia kodi. Nchi moja, maneno mawili, mpaka unapita katikati. Tanganyika wenzetu wao hawakuwa hili wala lile, walikuwa "mandate" chini ya Shirikisho la Mataifa kisha kuanzia 1946 "trust territory" chini ya Umoja wa Mataifa. Mjomba wangu mmoja anasema majina manne ya fimbo moja. Sibishani naye sana, ni mkubwa wangu, ila kwa mgeni anayeuliza swali la kweli simpi jawabu la mjomba.

Changuu nitapita haraka. Wageni wanaijua kwa jina la Prison Island na hakuna mfungwa aliyewahi kutumikia kifungo pale, jengo la jela lilijengwa miaka ya 1890 na halikutumika kwa kazi hiyo, kisiwa kikawa cha karantini ya maradhi. Wakati wa korona kila mtu alijifunza "quarantine" na "isolation" kwa nguvu na bado yakachanganywa. Karantini ni ya mtu mzima wa afya anayehofiwa kuwa kagusana na ugonjwa, "isolation" ni ya mgonjwa aliyethibitika. Wale wa melini walioshushwa Changuu wengi hawakuwa wagonjwa. "Prison" na "jail" kwa Mmarekani nayo si moja, "jail" ni kama rumande au kifungo cha muda mfupi, "prison" ni ya aliyehukumiwa akafungwa hasa. Kwetu gereza lina jina lake la kiserikali, Chuo cha Mafunzo, na naomba mgeni kutoka bara asije akalichukulia neno kwa neno akaenda kuulizia fomu za kujiunga. Kuhusu wale wanyama wa Changuu, hao ni kobe, walikuja kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na Kiengereza cha Uingereza ni "tortoise". Wale wa Nungwi wa majini ni kasa, "turtle". Mmarekani anaweza kuwaita wote "turtle" na hajakosea kwao. Wewe sema kobe "tortoise" na kasa "turtle", pande zote watakuelewa.

Sasa kwa nini lugha hii ina mapacha wengi hivi? Sababu moja kubwa ina mwaka wake, 1066, Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaichukua Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wakasema Kifaransa na wadogo wakasema Kiengereza. Ng'ombe zizini akabaki na jina la mchungaji, "cow", akifika mezani kwa bwana anakuwa "beef". Kondoo "sheep", nyama yake "mutton". Halafu wanazuoni na makasisi wakaleta Kilatini juu yake. Ndo unakuta "ask" ya mtaani, "question" ya Kifaransa na "interrogate" ya Kilatini, zote kuuliza, lakini jirani anaku-"ask", polisi anaku-"question", na ukifika kwenye "interrogate" basi tafuta wakili.

Na hapa ndipo ninapowaambia vijana kuwa Mzanzibari hana sababu ya kushindwa, maana sisi tumefanya yale yale na Kiarabu. Kufa na kufariki. Kufa ni neno letu la asili, halichagui, kafa mbuzi kafa mtu kafa mnazi. Kufariki limekuja na dau la kaskazi, asili yake ni kuachana, kutengana, na tumelipa heshima. Jaribu kusema ng'ombe wetu amefariki uone baraza itakavyoanguka kwa kicheko. Jaribu kusema sheikh fulani kafa, mbele ya watu wake, uone kimya chake. "Die" na "pass away" zinakwenda hivyo hivyo. Mwanzo na awali, mwisho na tamati, tunayapima kila siku bila ya kamusi, nani anasema, anamwambia nani, wapi. Kiengereza kinataka kipimo hicho hicho tu. "Buy" sokoni Darajani, "purchase" kwenye risiti ya ofisi. Ukimwambia rafiki yako twende tuka-"purchase" maembe, sarufi iko sawa na wewe umekuwa kichekesho.

"Cheap" nayo iko kwenye mkoba huu. Kwetu rahisi haina aibu, bei rahisi ni sifa, unaipigia kelele mchana kutwa. Muuza kanga na vinyago anamwita mgeni, "very cheap my friend, very cheap", na hajui kuwa kwa masikio mengi ya Kiengereza "cheap" haishii kwenye bei, inagusa na bidhaa yenyewe, kitu hafifu, cha kuvunjika kesho. Tena "cheap" akiambiwa mtu ni bahili. Kwenye bidhaa aliyoichonga kwa mkono wake mwenyewe mie ningemwambia aseme "good price", akae hapo hapo.

Yanayotuangusha zaidi kuliko yote ni yale ambayo Kiswahili kina neno moja na wao wana mawili. Kuazima. Niazime baskeli yako, nimeazima baskeli yake, sisi mzigo wa kusema nani kampa nani unabebwa na viambishi, kitenzi kimetulia. Wao wanabadilisha kitenzi kizima, anayetoa ana-"lend", anayepokea ana-"borrow", ndo maana mitaani husikia "borrow me your pen" na msemaji anajiona yuko sawa. Lakini kwenye kukopa na kukopesha hakosei mtu! Basi ninawaambia, "borrow" ifunge na kukopa, "lend" ifunge na kukopesha, achaneni na kuazima kabisa mpaka ulimi uzoee.

Kubwa lao ni mgeni. Neno hili kwetu ni zuri, mgeni njoo mwenyeji apone, na lina nafasi kubwa mno ndani yake: aliyelala kwako, aliyepita kusalimia, aliyetoka nchi nyengine, na yule usiyemjua kabisa. Kiengereza kimewagawa wote vyumba mbali mbali. Wa kwanza "guest", wa pili "visitor", wa tatu "foreigner", wa nne "stranger", na kwenye fomu za serikali za nchi fulani wa tatu anaweza kuitwa "alien", jina wanalompa na kiumbe wa sayari nyengine. Kijana mmoja alikuwa akiwapokea watu pale bandarini kwa ukarimu wote, "welcome strangers!", mikono wazi, na wale mama wawili wakashika mikoba yao. Yeye alikuwa anasema karibuni wageni. Wao walisikia karibuni nyie tusiowajua. Na kile kivumishi chake vile vile, jina geni, chakula kigeni, ukikitafsiri "strange" umeshamtukana mtu, "strange" ni cha ajabu, kina walakini. Sema "new to me", sema "unfamiliar".

Ajabu yake ni kwamba wao wenyewe huko nyuma kabisa walikuwa kama sisi. "Guest" ina asili moja na neno la Kilatini lililokuwa na maana ya mtu wa kuja, ambalo baadae likageuka kuwa adui, ndipo ilipotoka "hostile". Na jamaa yake wa karibu akazaa "host", "hotel", "hospital" na "hospitality". Mwenyeji, mgeni, adui na wodi ya wagonjwa, ukoo mmoja. Walichokifanya ni kugawana nyumba.

Kwa uadilifu niseme na upande wa pili, maana ipo jozi ambayo kwayo yule wa "kitu kimoja tu" atakuwa kasema kweli, na ndiyo hiyo hiyo watu wanaiona ina tofauti. "Flammable" na "inflammable". Macho yanakwambia hiyo ya pili ni kinyume, kama "correct" na "incorrect". Si kinyume. Ile "in" ya mbele hapo haikanushi, imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto, na zote mbili zinasema kitu hichi kinashika moto upesi. Wenyewe Kiengereza kimewachanganya mpaka watu wa usalama wakaona bora "flammable" ndiyo iandikwe kwenye vibandiko. Lakini ya zamani bado unaikuta kwenye magari ya mafuta na kwenye makopo ya rangi na thina. Isiyoshika moto inaandikwa "non-flammable". Ukiona "inflammable" kwenye kopo, liondoe karibu na jiko la mkaa.